Sinhaliti: Jiwe Lililouzwa kwa Jina la Jingine



Mwaka 1952 wataalamu wawili wa Makumbusho ya Uingereza jijini London, G. F. Claringbull na Max Hey, walichapisha maelezo ya madini mapya. Habari ya namna hiyo kwa kawaida haimshtui mtu. Kila mwaka madini mapya huandikishwa, na mengi ni vipunje visivyoonekana bila hadubini, vimenasa ndani ya mwamba ambao hakuna sonara angeutazama mara mbili. Hili lilikuwa jambo jingine kabisa. Lilikuwa limeshakatwa, limeshang'arishwa, limeshapachikwa kwenye pete na kulipiwa. Vipande vyake vingine vilizidi karati 100. Lilikuwa kwenye makabati ya vioo ya wakusanyaji, na kibandiko chini yake kilisema: peridoti ya kahawia.

Jiwe hilo ndilo sinhaliti, na ndilo nililoombwa kulizungumzia leo. Ni madini ya boroni, ni adimu, na nikiri mapema kwamba wengi wenu, wachimbaji, madalali na vijana mnaojifunza kukata vito, halitawaletea utajiri. Nimelichagua kwa sababu habari yake inahusu kazi yenu ya kila siku: namna macho ya watu wazoefu, waliozaliwa na kukulia kwenye biashara ya vito, yalivyolipita jiwe kwa miaka mingi kwa kuamini rangi yake.

Tuanzie linakotoka. Sinhaliti ya biashara karibu yote hutoka Sri Lanka, ambayo wakati huo iliitwa Ceylon, na jina la jiwe limetokana na jina la kale la kisiwa hicho. Haichimbwi kwenye mwamba wenyewe. Hupatikana kwenye changarawe za kale za mito, zilizofunikwa na udongo wa mfinyanzi, hasa katika bonde la Ratnapura. Wenyeji huita tabaka hilo *illam*. Huchimbwa shimo lililoimarishwa kwa magogo na matawi, changarawe hupandishwa juu kwa winchi ya mkono, halafu hupelekwa majini. Hapo wanaume husimama maji yakiwafika kiunoni, kila mmoja na kapu lake pana lililochongoka chini, wakilizungusha na kulitikisa mpaka udongo na mchanga mwepesi utoke na mawe mazito yabaki katikati. Kisha kapu hukabidhiwa mzee mmoja mwenye jicho. Huligeuza juani, hupitisha kiganja, huokota. Waliowahi kufanya kazi kwenye machimbo ya vito ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, hawahitaji kuelezwa zaidi. Hata mawe yenyewe ni yaleyale: yakuti za rangi zote, spineli, ganeti, krisoberili, zirkoni. Na katikati yake, mara mojamoja, kijiwe cha kahawia chenye mng'ao mzuri.

Kijiwe hicho kiliitwaje? Peridoti ya kahawia. Na jina hilo halikutolewa ovyo. Peridoti huipasua nuru mara mbili kwa nguvu, na hili nalo hivyohivyo. Vipimo vya kupinda nuru vilikaribiana. Uzito ulizidi kidogo, lakini kila mtu alijua kwamba peridoti ikiwa na chuma kingi huwa nzito zaidi na nyeusi zaidi. Basi kila kisicholingana kilipewa maelezo yaleyale: chuma. Ninaomba msiwacheke. Maelezo hayo yalikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana yalidumu.

Jijini London kulikuwa na maabara ya kupimia vito iliyoanzishwa mwaka 1925 na wafanyabiashara wenyewe, baada ya lulu za kufugwa kutoka Japani kuwatia hofu. Aliyeiongoza ni B. W. Anderson, na msaidizi wake mkubwa alikuwa C. J. Payne. Hawa walikuwa watu wa spektroskopu, yaani kile kifaa kinachoitandaza nuru iliyopita ndani ya jiwe iwe utepe wa rangi, ukaonyesha mistari myeusi mahali ambapo jiwe limeimeza. Peridoti ina mistari mitatu kwenye sehemu ya buluu. Hili jiwe la kahawia lilikuwa nayo mitatu hiyo, au iliyoikaribia mno, na wa nne juu yake, kwenye nanomita 463. Mstari mmoja wa ziada. Chuma kingi kingeweza kuikoleza mistari iliyopo, lakini mstari mpya ulidai maelezo mapya. Eksirei na uchambuzi wa kikemia ndivyo vilivyokata shauri: ndani ya jiwe hilo hakukuwa na silika ya peridoti. Kulikuwa na boroni.

Sasa niruhusuni niingie ndani kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Peridoti imejengwa kwa magnesiamu mbili, silikoni moja na oksijeni nne. Sinhaliti imejengwa kwa magnesiamu moja, alumini moja, boroni moja na oksijeni nne. Mpangilio wa atomu ni uleule mmoja. Ni nyumba ileile ya vyumba vilevile, wapangaji tu ndio wamebadilika: alumini amehamia chumba cha magnesiamu mmoja, na boroni amechukua chumba cha silikoni. Na hesabu ya chaji za umeme inafunga barabara. Upande wa peridoti, mbili na mbili na nne ni nane. Upande wa sinhaliti, mbili na tatu na tatu ni nane. Oksijeni nne zinadai nane, na kote zinalipwa nane. Ndiyo maana mawe haya mawili yanafanana tabia hata ukiyashika mkononi, ijapokuwa kikemia ni ukoo mwingine kabisa.

Ukoo wa boroni wenyewe mnaujua kwa jina la ndugu yake mmoja, boraksi. Kila sonara anayo. Huinyunyiza anapoyeyusha dhahabu ili uchafu ujitenge, na baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wameanza kuitumia mahali pa zebaki, jambo ambalo ningependa nilione likienea. Lakini boraksi ni laini, kucha inakaribia kuikwaruza, na ukiitia majini inayeyuka. Madini mengi ya boroni yako hivyo: yamezaliwa kwenye maziwa ya chumvi yaliyokauka, kama yale ya Uturuki na California, na yana maji ndani ya mwili wake. Ukimwambia mkata vito kwamba utampa jiwe la jamii hiyo alipachike kwenye pete, ana haki ya kukuuliza kama uko timamu.

Sinhaliti haina maji ndani yake na haikuzaliwa ziwani. Imezaliwa chini sana ya ardhi, kwenye joto kali, pale ambapo marumaru yenye magnesiamu nyingi ilipitiwa na vimiminika vya moto vilivyobeba boroni. Ili itokee, kunahitajika alumini na boroni vya kutosha, na silika iwe haba. Silika ikiwa nyingi, boroni huishia kwenye turmalini, na turmalini hatuna uhaba nayo. Masharti hayo matatu hayakutani mara kwa mara. Uadimu wa sinhaliti unaanzia hapo.

Kabla sijafika kwenye vipimo, nichepuke kidogo kwa jiwe jingine la boroni, maana kila ninapotaja sinhaliti kuna mtu hunyoosha mkono kuuliza kuhusu painiti. Waliolieleza mwaka 1957 ni Claringbull na Hey haohao, safari hii pamoja na Payne. Lilitoka Mogok, nchini Burma, nalo limepewa jina la Arthur Pain, Mwingereza aliyelipeleka kwenye makumbusho. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyoiva, na watu walilidhania yakuti. Hadi karne ya 20 inaelekea ukingoni, dunia nzima ilijua fuwele tatu tu, na ya tatu ilitambuliwa Marekani mwaka 1979. Mwaka 2005 kitabu cha rekodi cha Guinness kililitaja kuwa madini adimu kuliko yote. Kisha vyanzo vyake vikapatikana huko huko Mogok, na maelfu ya vipande vikatoka, vingi vikiwa vyeusi na vyenye nyufa, visivyokatika. Lina ugumu wa 8 kwa kipimo cha Mohs. Na kuna jambo ambalo wasifiaji wa painiti hawalitaji: fomula yake ya kwanza ilikosea. Ndani yake mna zirkoniamu, na haikuonekana mpaka Paul Moore na Takaharu Araki walipochambua muundo wa fuwele mwaka 1976. Wapimaji bora wa zama zao walikuwa nalo mkononi karibu miaka 20 kabla ya hapo.

Turudi kwenye sinhaliti, na safari hii tuiweke mezani.

Rangi yake huanzia manjano hafifu, ikapita kahawia ya dhahabu, hadi kahawia ya giza yenye kijani ndani yake. Inatokana na chuma kidogo kilichoingia mahali pa magnesiamu. Ukiigeuza mbele ya mwanga, rangi hubadilika kufuata upande unaotazama: upande mmoja kahawia hafifu, mwingine kahawia ya kijani, mwingine kahawia nzito. Mkata vito mwangalifu huliangalia jiwe ghafi pande zote kabla hajaamua meza ikae wapi, maana upande mmoja utampa jiwe changamfu na mwingine utampa jiwe lililonuna.

Ugumu ni 6.5 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs. Vumbi la nyumbani lina punje za kwatzi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo pete ya sinhaliti inayovaliwa kila siku itapoteza ukali wa kingo zake mapema. Hereni na kidani ndiko kunakoifaa. Anayeng'ang'ania pete aagize kingo za metali zilizoinuka kulizunguka jiwe. Kwa kulisafisha, maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki yatosha.

Chukueni lenzi inayokuza mara 10. Tazameni kupitia meza ya jiwe, mlenge kingo za nyuso za chini kule nyuma. Kila ukingo utauona mara mbili, mistari miwili sambamba mahali pa mmoja. Usipouona, geuza jiwe utazame upande mwingine, kwa sababu kuna mielekeo miwili ambayo jiwe hili haliipasui nuru. Zoezi hili ni la dakika moja na halina gharama, lakini limewahi kutoa kito kizima gizani. Mwaka 1945, huko Dublin, Richard Taaffe alikuwa akichambua mawe ya zamani aliyonunua kwa sonara, akaona kwamba kijiwe kimoja alichokidhani spineli kinaonyesha alama maradufu. Spineli haifanyi hivyo kamwe. Akakipeleka kwa Anderson kule London, na leo tunaliita jiwe hilo taafeiti. Wenzetu wa Tunduru wanalifahamu, kwa kuwa changarawe zao zimewahi kulitoa.

Ganeti na spineli, basi, mmezitenga kwa lenzi peke yake. Peridoti hamjaitenga, kwa sababu nayo huonyesha maradufu, karibu sawasawa. Hapo ndipo inapoingia rifraktomita, kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyopinda nuru. Tia tone dogo la kimiminika, laza meza ya jiwe juu ya kioo, soma mahali kivuli kinapokatika. Mtaona kingo mbili. Peridoti husoma kuanzia kama 1.654 hadi 1.690. Sinhaliti husoma kuanzia kama 1.668 hadi 1.707. Tofauti ipo, lakini kwa kifaa cha bei nafuu na macho yaliyochoka jioni, mtu anaweza kuipuuza. Kwa hiyo msisome mara moja tu mkaondoka. Zungusheni jiwe polepole, nusu mzunguko mzima, mkitazama kingo zote mbili zinavyotembea. Katika peridoti, ukingo wa chini unapanda na wa juu unashuka kwa mwendo unaokaribia kulingana. Katika sinhaliti, ukingo wa juu kwa kawaida husogea kidogo tu, ukatulia, na ule wa chini ndio unaofanya safari ndefu. Mkishaiona tofauti hiyo mara mbili tatu hamtaisahau, na hamtahitaji kubishana juu ya namba ya tatu baada ya nukta.

Uzito nao unasaidia. Sinhaliti ina uzito wa kama mara 3.48 ya maji ya ujazo uleule, na peridoti kama mara 3.34. Mizani nzuri ya kupima jiwe hewani kisha ndani ya maji itawapa jibu bila kugusa vile vimiminika vizito vya maabara, ambavyo mvuke wake si wa kuvutwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mwenye spektroskopu amalizie kwa kuutafuta ule mstari wa nne.

Mtauliza: mambo ya Sri Lanka yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kama 13 baadaye alikuwa Ceylon akistaajabia yakuti za sultani. Njia ya bahari kati ya pwani zetu na kisiwa kile ni ya zamani. Lakini udugu wa mawe ni wa zamani kuliko chombo chochote cha baharini. Kati ya miaka milioni 650 na 500 iliyopita, mabara ya kusini yalipogongana na kuungana kuwa Gondwana, miamba ya Kenya, Tanzania, Msumbiji, Madagaska na Sri Lanka ilikandamizwa na kupikwa kwenye mgongano huohuo. Sisi upande wetu tunauita Ukanda wa Msumbiji, na ndani yake mna Merelani, Umba, Mahenge na mashapo ya Kwale. Ndiyo sababu katikati ya miaka ya 1990, Tunduru ilipolipuka, wanunuzi kutoka Sri Lanka walifika upesi na hawakuhitaji kufundishwa majina ya mawe. Walikuwa wakiangalia kapu la nyumbani kwao.

Na sinhaliti yenyewe ipo kwetu. Kaskazini mashariki mwa Tanzania imewahi kupatikana ndani ya mwamba wake wa asili, na rangi yake ni ya waridi hadi kahawia yenye uwaridi, tofauti na ile ya Ceylon. Kwa ladha yangu ni nzuri kuliko ya kule. Tena boroni si mgeni katika miamba yetu: turmalini ya kijani mnayoiuza ina boroni, na kornerupini ya kijani ya Kwale inayo pia. Mahali penye marumaru ya magnesiamu karibu na mawe hayo, mchimbaji anayo sababu ya kuangalia vizuri zaidi.

Sasa bei, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Sinhaliti ni adimu kuliko yakuti nyekundu, adimu kuliko tanzanaiti, lakini karati moja ya sinhaliti haifiki hata karibu na karati ya yakuti nzuri. Uadimu pekee haufanyi bei. Duka la vito linataka jiwe ambalo likiuzwa leo litapatikana jingine kesho, la rangi na ukubwa unaofanana, ili litangazwe. Tanzanaiti ilionekana mwaka 1967, na mwaka uliofuata Tiffany ya New York ilikuwa imeshaipa jina na kuiingiza sokoni, kwa kuwa mzigo ulikuwapo. Sinhaliti haina mzigo. Wanunuzi wake ni wakusanyaji, watu wachache wanaotaka mfano mmoja mzuri wa kila aina, na ambao wanajua wanachotafuta. Halafu kuna rangi. Kahawia haina bahati sokoni, na mimi naona imeonewa, lakini maoni yangu hayanunui jiwe.

Hata hivyo mkusanyaji huyo hulipa vizuri kuliko mnunuzi wa peridoti ya kahawia, ambayo karibu hakuna aitakaye. Na hulipa akiwa na masharti: anataka karatasi ya maabara, anataka kujua jiwe limetoka mkoa gani, na anataka kuona kwamba muuzaji anajua jina lake. Jiwe la Tanzania lenye vitu hivyo vitatu litampata mteja hata kama itachukua muda. Lisipokuwa navyo litaingia kwenye fungu la mchanganyiko, litapimwa kwa gramu, litasafiri Bangkok au Jaipur, na huko ndiko litakakopimwa. Faida ya kulijua itabaki huko.

Ombi langu kwa viongozi wa masoko ya madini ni dogo. Wekeni rifraktomita moja inayofanya kazi katika kila soko, pamoja na mtu anayejua kuisoma, na mchimbaji asilipishwe kuitumia. Kwenu ninyi mnaochambua mawe kila siku nina ombi jingine. Jiwe la kahawia au la waridi chafu linaloonyesha kingo maradufu, na likasoma juu ya 1.70 kwenye rifraktomita, msilitie kwenye fungu. Litieni kwenye bahasha ya peke yake, andikeni juu yake shimo lilikotoka, na mlipeleke maabara kabla hamjataja bei.